Jalen Hurts apimwe kwa kazi yake uwanjani, pete tuiweke kando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nichangie mjadala kuhusu Jalen Hurts, kwotabeki (mrushaji pasi na mwongoza mashambulizi) wa Philadelphia Eagles. Wapenzi wa futiboli ya Marekani wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi limejifungia chumbani kwake. La kwanza likiulizwa lolote hujibu kwa pete ya ubingwa: ametwaa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2025, akawa mchezaji bora wa mechi ile, mnataka nini tena? La pili hutaja mbio za mkimbiaji Saquon Barkley, safu ya mbele ya wazuiaji, na ulinzi wa kocha Vic Fangio, kisha huhitimisha kwamba kijana alibebwa mgongoni. Anayeambulia patupu ni msomaji, kwa sababu hakuna anayemweleza Hurts anafanya nini vizuri, anashindwa wapi, na udhaifu wake unaigharimu timu kiasi gani.

Nianze na takwimu, maana zinasema jambo ambalo makundi yote mawili hayalitaji. Mwaka 2022 Hurts alirusha pasi 460, zikanaswa 6 na wapinzani. Mwaka 2023 alirusha 538, zikanaswa 15. Mwaka 2024 alirusha 361 katika mechi 15, zikanaswa 5. Msimu wa 2025 alirusha 454, zikanaswa 6, na kati ya hizo 6, nne zilinaswa usiku mmoja dhidi ya Los Angeles Chargers mwezi Desemba. Ukiuondoa msimu wa 2023, huyu ni mtu ambaye pasi yake hunaswa kama mara moja tu katika kila pasi sabini au zaidi. Hiyo ni hesabu nzuri mno.

Sasa weka pembeni yake hesabu ya pili: mara ngapi aliangushwa nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo mpira ukiwa bado mkononi. Mwaka 2023, ule wa pasi 15 zilizonaswa, aliangushwa mara 36, yaani asilimia 6.3 ya nafasi zake za kurusha. Mwaka 2024, ule wa pasi 5, aliangushwa mara 38 ingawa nafasi za kurusha zilikuwa chache zaidi kwa mbali. Asilimia ikapanda hadi 9.5. Zisome hizo namba mbili kwa pamoja. Hurts hakuamka siku moja akakuta macho yake yamekuwa makali maradufu. Alichofanya ni kubadilisha anavyolipa. Alipoamua kuushikilia mpira mpaka amwone mwenzake ameachwa wazi kabisa, pasi za kunaswa zikapungua na maangusho yakaongezeka. Alipoharakishwa, ikawa kinyume chake. Hapo ndipo mjadala mzima ulipolala, na mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Kosa la wengi ni kutegemea alama ile moja ya ubora wa pasi inayoonyeshwa kwenye televisheni. Alama hiyo hujengwa kwa vitu vinne tu: asilimia ya pasi zilizomfikia mlengwa, yadi kwa kila pasi iliyorushwa, tachidauni (kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) kwa kila pasi, na pasi zilizonaswa. Kila kimoja kina dari ya 2.375, unajumlisha, unagawa kwa 6, unazidisha kwa 100, ndiyo maana alama ya juu kabisa ni 158.3. Kuangushwa na mpira mkononi hakumo. Kudondosha mpira hakumo. Kukimbia hakumo. Kwa hiyo kwotabeki anayechagua kuangushwa badala ya kurusha pasi ya hatari hupanda alama wakati timu inapoteza yadi saba. Kwa Hurts chombo hiki kina kasoro pande zote mbili: kinaficha maangusho yake, na kinaidharau miguu yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanaodai alibebwa Februari 2025 waitazame tena mechi yenyewe. Kansas City Chiefs waliingia na mpango mmoja, kumzima Barkley, na walifaulu: mtu aliyekuwa amekimbia yadi 2,005 msimu huo alipata yadi 57 katika mbio 25. Ilibidi mtu mwingine aibebe timu. Hurts akafikisha pasi 17 kati ya 22, yadi 221, tachidauni mbili, na pasi moja ikanaswa. Juu yake akakimbia yadi 72 na tachidauni moja. Eagles walishinda 40 kwa 22. Miaka miwili kabla, dhidi ya Chiefs haohao, walishindwa 38 kwa 35 usiku ambao yeye alirusha yadi 304 na kufunga kwa kukimbia mara tatu. Usiku ule pia aliuachia mpira bila kuguswa na mtu, Nick Bolton akauokota na kufunga nao. Lakini mtu mwenye fainali mbili za namna hiyo haitwi abiria.

Silaha yake ya kwanza ni pasi ndefu kando ya mstari wa pembeni. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja. Beki wa pembeni anapocheza mtu kwa mtu na mlinzi wa mwisho akiwa katikati, yule wa katikati hana muda wa kufika ukingoni mpira ukirushwa juu na kushuka karibu na chaki. Hurts hurusha mpira huo ukiwa na upinde mkubwa, ukimpa mpokeaji kama A.J. Brown au DeVonta Smith nafasi ya kuukimbilia chini badala ya kusimama kuugombania. Tachidauni ya yadi 46 kwa Smith katika fainali ile ilikuwa ya aina hiyo. Mechi ya Oktoba 2025 dhidi ya Minnesota Vikings ndiyo darasa zuri zaidi: pasi 19 kati ya 23, yadi 326, tachidauni tatu, alama kamili ya 158.3. Pasi kadhaa kubwa siku ile zilitokana na Hurts kuupokea mpira akiwa amesimama mgongoni mwa senta, yule anayeanzisha mchezo kwa kumpa mpira, akajifanya anamkabidhi mkimbiaji, walinzi wa kati wakapiga hatua mbili mbele, na nyuma yao pakabaki shamba tupu. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Silaha ya pili ni miguu, na hapa watu huchanganya mambo. Hurts si mkimbiaji wa kuwaacha watu kwa mbio kama kwotabeki mwenzake Lamar Jackson. Ana urefu wa sentimita 185 na uzito wa kilo mia moja na ushei, na mapaja ya mnyanyua vyuma. Thamani ya miguu yake ni hesabu ya watu. Kwotabeki wa kawaida akishamkabidhi mkimbiaji mpira, yeye ametoka mchezoni, na ulinzi una watu 11 dhidi ya 10. Hurts anapoushika mpira tumboni mwa mkimbiaji huku akimtazama mlinzi mmoja wa ukingoni, mlinzi huyo hawezi kumfukuza mkimbiaji kwa sababu Hurts atauchomoa na kupita palepale alipotoka. Mlinzi mmoja anagandishwa bila kuguswa na mtu. Sehemu ya yadi 2,005 za Barkley ililipiwa na walinzi waliosimama wakimchunga Hurts. Wanaosema Barkley alimbeba Hurts wako sahihi nusu. Ile nusu nyingine hawaioni kwa sababu haiandikwi kwenye takwimu za mtu yeyote.

Kisha kuna ule mchezo wa yadi moja, ambao waandishi wenye haya huuita msukumo wa nyuma na mashabiki huuita kwa jina la sehemu inayosukumwa. Senta na wazuiaji wawili wa pembeni yake hushuka chini karibu wapige magoti, Hurts huupokea mpira na kujichomeka katikati yao, wenzake wawili humsukuma kiunoni. Mei 2025 wamiliki wa timu walipiga kura kuupiga marufuku. Zikapatikana kura 22 na zilitakiwa 24, ukabaki. Ila msimu wa 2025 haukuwa na uhakika uleule. Marefa walianza kuwakazia macho wanaosogea kabla mpira haujatoka, ulinzi ukajifunza kulala chini na kuvuta mpira, na dhidi ya Chicago Bears mwezi Novemba Nahshon Wright aliuchomoa mpira mikononi mwa Hurts katikati ya lundo lile. Jason Kelce, senta aliyeujenga mchezo huo, alistaafu Machi 2024. Anayemhesabia Hurts tachidauni 13, 15 na 14 za kukimbia za misimu ya 2022 hadi 2024 kama mali yake ya kudumu, aangalie za 2025: nane. Mbio zenyewe zilishuka kutoka 150 hadi 105, na yadi kutoka 630 hadi 421. Huo si mporomoko wa mtu mgonjwa, ila ni dalili kwamba yeye na timu wameanza kuutunza mwili.

Sasa udhaifu. Kaa uwanjani kwa macho ya kwotabeki. Mbele yako kuna ua wa watu watano wanaokulinda. Ukisimama yadi tano nyuma ya senta, pasi nyingi za kati zinataka hatua tatu kurudi nyuma, kituo kimoja cha kupanga miguu, na mpira utoke. Hiyo ni sekunde mbili na nusu, ikizidi sana mbili na robo tatu. Mpira wa katikati ya uwanja, yadi 12 hadi 15, lazima uondoke kabla mpokeaji hajageuka, kwa sababu akishageuka na wewe ukamwona, mlinzi wa kati naye ameshamwona. Hurts hataki kuurusha mpira huo kwa imani. Anataka aone. Kwa hiyo hatua ya tatu inafika, miguu inatulia, mkono unasita, anapiga hatua ndogo ya ziada, na saa imeshavuka sekunde tatu. Hapo ua umeanza kubomoka na yeye anatoka, mara nyingi kuelekea kulia. Akishatoka kulia, nusu ya uwanja wa kushoto imekufa. Wapokeaji watano wamebaki wawili.

Wapo wanaosema tatizo ni kimo, kwamba hawezi kuona juu ya vichwa vya wazuiaji wake kama Jordan Mailata mwenye sentimita 203 na kilo zaidi ya 160. Sikubaliani. Kwotabeki wa zamani Drew Brees alikuwa na sentimita 183 na alijenga maisha yake yote ya New Orleans katikati ya uwanja. Brees alijua mpira uende wapi kabla senta hajauachia. Hakuhitaji kuona zaidi ya upenyo. Tatizo la Hurts ni saa na uamuzi, na hilo ni gumu zaidi kutibu kuliko kimo kwa sababu ndilo hilohilo linalompa pasi chache za kunaswa. Ukimwambia arushe mapema, unamrudisha 2023.

Na 2023 inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo picha ya nini huharibika kila kitu kikiharibika pamoja. Eagles walianza kwa ushindi 10 na kipigo kimoja, wakamaliza 11 kwa 6, kisha wakachapwa 32 kwa 9 na Tampa Bay Buccaneers kwenye hatua ya mtoano. Todd Bowles, kocha wa Tampa, alituma wavamizi, yaani walinzi wa ziada wa kumkimbilia kwotabeki, kila alipotaka. Hesabu ya mvamio ni nyepesi: wakija watu sita na una watu watano wa kuzuia, mmoja atakuja bila kizuizi. Dawa yake ni mpokeaji mmoja kukatisha njia yake papo hapo na kugeuka kule mvamizi alikotoka, na kwotabeki kumpa mpira bila kufikiri. Mipango ya Eagles mwaka ule ilikuwa na njia ndefu mno. Wapokeaji walikuwa bado wanakimbia kwenda mbali wakati mvamizi ameshafika. Hurts akarudi nyuma, akarudi tena, hadi ndani ya eneo lake la mwisho, akautupa mpira kwa kukosa pa kuupeleka, na Tampa wakapewa pointi mbili. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, na usiku ule Eagles hawakufaulu jaribio la tatu hata mara moja. Kosa lilikuwa la mpangaji na la mchezaji kwa pamoja: mmoja hakuweka jibu kwenye mpango, mwingine hakulidai kwa kuubadilisha mchezo pale mstarini.

Ninasema hakulidai kwa sababu kwotabeki wa mshahara mkubwa kama wake ana mamlaka ya kufanya hivyo. Kabla mpira haujatoka, anatakiwa awahesabu walinzi wa mwisho: mmoja nyuma au wawili? Walinzi wa kati wamesimama juu ya visigino au vidole? Beki wa pembeni anamtazama mpokeaji au anamtazama yeye? Akimtazama yeye, huo ni ulinzi wa kanda, kila mlinzi akichunga eneo badala ya mtu, na kanda ndiyo inayomsumbua Hurts. Dhidi ya mtu kwa mtu ana majibu mawili mazuri, pasi ya pembeni na miguu yake, kwa kuwa walinzi wamempa mgongo wakimkimbiza mpokeaji. Dhidi ya kanda walinzi wote wanamtazama, njia ya kukimbia imefungwa, na mpira unatakiwa upite kwenye matundu ya katikati yanayofunguka kwa nusu sekunde. Waratibu wa ulinzi wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana timu zenye ulinzi wa kawaida tu zimewahi kuwabana Eagles kwa kukaa nyuma, kuweka walinzi wawili wa mwisho, na kumwambia: haya, njoo polepole, yadi sita sita, mara kumi mfululizo. Uvumilivu huo amekuwa nao kwa robo mbili, mara chache kwa mechi nzima.

Usiku ule wa Chargers ulimwonyesha katika ubaya wake wote: pasi 40, 21 zikafika, nne zikanaswa, na mpira mmoja ukadondoshwa. Eagles walipoteza 22 kwa 19 katika muda wa nyongeza. Huo ni usiku mmoja, na sitaki kumhukumu mtu kwa usiku mmoja. Linalonisumbua zaidi ni ile mechi ya mtoano ya Januari 2026 nyumbani dhidi ya San Francisco 49ers, 23 kwa 19. Hakunaswa hata pasi moja. Alirusha 35, zikafika 20, yadi 168. Gawa: chini ya yadi tano kwa kila pasi. Ule ndio ugonjwa wa kweli, mechi ambayo kwotabeki hafanyi kosa lolote la kuandikwa na timu bado inakosa chakula.

Hata hivyo haki inataka tuwahesabu pia waliomwongoza. Tangu Nick Sirianni awe kocha mkuu mwaka 2021, waratibu wa mashambulizi wamekuwa Shane Steichen hadi mwisho wa msimu wa 2022, Brian Johnson 2023, Kellen Moore 2024, Kevin Patullo 2025, na sasa Sean Mannion anayeingia kwa msimu wa 2026 akitokea Green Bay. Watano katika misimu sita. Kila mmoja ana majina yake ya michezo, mpangilio wake wa miguu, na namna yake ya kumpangia kwotabeki nani atazamwe kwanza, nani pili. Mtu ambaye tatizo lake ni kuamua kwa haraka hubadilishiwa kamusi kila mwaka, kisha tunashangaa anasita kutafuta neno. Angalia pia misimu yake miwili bora ilikuja chini ya nani. Steichen na Moore wote waliondoka Philadelphia wakapewa ukocha mkuu, Indianapolis na New Orleans. Johnson na Patullo, ambao wote walikuwa ndani ya benchi hilohilo kabla ya kupandishwa, walidumu msimu mmoja mmoja katika kazi hiyo. Ninachokisoma hapo ni kwamba Hurts hukuza kazi ya mpangaji mzuri na hawezi kuficha ya mpangaji dhaifu. Patrick Mahomes anaweza kuificha. Josh Allen anaweza. Hurts hayuko katika kundi hilo, na ni vyema mashabiki wake wakubali tuendelee.

Mannion anatoka katika shule ambayo kwotabeki huanza mgongoni mwa senta, mbio za safu nzima kusogea upande mmoja, kisha mchezo wa kujifanya unakabidhi mpira na kurusha nyuma ya walinzi wa kati. Kwa Hurts hiyo ina faida mbili na hasara moja. Faida ya kwanza, mlengwa wa kwanza huwa wazi kwa hila ya mchezo wenyewe, kwa hiyo lile tatizo la kutaka kuona kwanza linapungua makali. Ya pili, pasi ya katikati inakuwa rahisi kwa sababu walinzi wa kati wameshavutwa mbele. Ile mechi ya Minnesota ilionyesha hivyo. Hasara ni kwamba anapojifanya kukabidhi mpira huwapa walinzi mgongo kwa sekunde nzima. Akigeuka, picha aliyoiacha imebadilika, na lazima aisome upya akiwa na sekunde moja iliyobaki. Kwotabeki aliyezoea tangu chuo kusimama yadi tano nyuma akiona kila kitu hatalizoea hilo kwa mazoezi ya wiki mbili. Wasomaji wasije wakakata tamaa Eagles wakianza Septemba kwa kujikwaa. Mwaka 2024 pia walianza na ushindi 2 na vipigo 2 chini ya Moore, wakapumzika wiki moja, wakashinda mechi 12 kati ya 13 zilizofuata. Wiki ile ya mapumziko ndipo Hurts alipoacha kurusha mipira ya kamari.

Jambo linalosahaulika ni safu ya mbele. Kwotabeki anayeshikilia mpira zaidi ya sekunde tatu anahitaji ua unaodumu zaidi ya sekunde tatu, na kwa miaka Philadelphia ndiyo ilikuwa na ua bora kuliko karibu timu zote. Mzuiaji Lane Johnson alichaguliwa na timu mwaka 2013 na anatimiza miaka 36 mwaka 2026; aliumia mguu Novemba 2025. Jeff Stoutland, fundi wa safu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, ameachia kazi hiyo. Kelce alishaondoka. Ukiondoa nusu sekunde kwenye ua, Hurts ndiye kwotabeki atakayeumia zaidi katika ligi nzima, kwa sababu nusu sekunde hiyo ndiyo anayoishi ndani yake. Brees angepoteza kidogo. Hurts atapoteza mchezo wake wote wa pasi ndefu.

Hapo tunaingia kwenye fedha, maana mustakabali wake na timu unaamuliwa huko zaidi ya redioni. Aprili 2023 alisaini nyongeza ya miaka mitano, dola milioni 255, kati yake milioni 179.3 zikiwa za uhakika, pamoja na kipengele cha kumzuia asiuzwe bila ridhaa yake. Mkataba unafika 2028. Ligi ina kikomo cha mishahara, mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa timu. Mtu mwenye wastani wa milioni 51 angetarajiwa ale karibu asilimia 18 ya kikomo hicho. Hurts alihesabiwa takriban milioni 22 tu, chini ya asilimia 8. Howie Roseman, meneja mkuu, anafanya hivi: badala ya mshahara anatoa bonasi, na ligi inaruhusu bonasi isambazwe hadi miaka mitano kwenye hesabu hata kama mchezaji amelipwa yote siku moja. Miaka ya mkataba ikiwa haitoshi, huongezwa miaka hewa mwishoni ambayo hakuna atakayecheza, ya kubebea hesabu tu.

Chukua mfano wa kubuni. Timu inatoa bonasi ya milioni 40 mwaka huu. Kwenye vitabu inasomeka milioni 8 kwa mwaka kwa miaka mitano. Mwakani inatoa 40 nyingine. Sasa ni 16 kwa mwaka. Mwaka wa tatu, 24. Mchezaji akiondoka baada ya mwaka wa tatu, zote ambazo hazijahesabiwa huanguka kwa mkupuo: 16 za bonasi ya kwanza, 24 za pili, 32 za tatu, jumla milioni 72 kwa mtu aliyeshahama. Ndiyo maana wanaopiga kelele auzwe leo hawajafungua vitabu. Bei ndogo ya 2025 imenunuliwa kwa kufunga mlango wa kutokea. Kwa 2026 anahesabiwa takriban milioni 32, na miaka inayofuata inapanda. Unafuu uliowawezesha kuwalipa Brown, Smith, Barkley na Mailata kwa pamoja unaisha wakati uleule ambao safu ya mbele inazeeka.

Kwa hesabu hizo, maoni yangu ni haya. Msimu wa 2026 ni wake bila mashindano. Tanner McKee, aliyechaguliwa raundi ya sita 2023, ni akiba nzuri na aachwe awe akiba. Ila Roseman asimpe mkataba mpya kabla ya msimu huu kuisha, hata kama kumwongezea miaka kungepunguza hesabu ya 2027. Kwotabeki wa Dallas, Dak Prescott, alifikia dola milioni 60 kwa mwaka tangu 2024, na wakala wa Hurts ataanzia juu ya hapo. Mwili nao una saa yake: Agosti 2026 anatimiza miaka 28. Cam Newton, mwingine aliyekuwa akitumiwa kama nyundo karibu na mstari wa goli, alikuwa mchezaji bora wa ligi 2015, akafanyiwa upasuaji wa bega 2017 na tena 2019, akaachwa na Carolina Machi 2020 akiwa na miaka 30. Hurts anajilinda vizuri kuliko Newton, ndiyo, lakini alikosa mechi mbili za mwisho za 2024 kwa mtikisiko wa ubongo alioupata Washington, na bega lilimweka nje Desemba 2022.

Vipimo vya kumwongezea mkataba viwe viwili, na msomaji yeyote anaweza kuvifuatilia akiwa kwenye kochi. Cha kwanza, asilimia ya maangusho ishuke chini ya 7 bila pasi zilizonaswa kuvuka 2 kwa kila 100. Zikishuka zote mbili kwa pamoja, amejifunza kitu kipya; ikishuka moja na nyingine kupanda, amebadilisha mfuko tu. Cha pili, hesabu pasi za jaribio la tatu zinazohitaji yadi 7 hadi 10, ulinzi ukiwa na walinzi wawili wa mwisho. Anza kuhesabu mpira unapotoka kwa senta: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Ukifika elfu tatu na mpira bado uko mkononi, weka alama kushoto. Ukiwa umeshaondoka kuelekea katikati ya uwanja, weka alama kulia, hata kama haukushikwa. Kufikia wiki ya kumi karatasi yako itakuwa na alama za kutosha, na mazungumzo ya Roseman na wakala yatakuwa hayajaanza bado.

Mdau wa futiboli ya Marekani